Kisu cha Mzee Ukungu

Ukifika Gitting, chini ya mlima Hanang, ukamuuliza mtu Herman ni nani, atakuonyesha kwa kidevu kibanda cha mabati chenye mashine ya kusaga, kisha atakuambia: yule mwenye nyusi nyeupe. Si uzee. Ni unga. Ana miaka arobaini na miwili, na ishirini kati ya hiyo ameimaliza ndani ya vumbi la mahindi. Mimi huwaambia watu kwamba siku moja alipiga chafya kanisani, benchi zima la mbele likapata uji. Padri mwenyewe alicheka. Usiamini, lakini ukimwona Herman utasema inawezekana.

Nyumba yangu iko nyuma ya kibanda chake, hatua thelathini na moja. Sikuzihesabu mimi, alizihesabu yeye. Mimi shule niliiona kwa mbali tu, nikiwa nyuma ya ng'ombe wa baba. Herman huhesabu kila kitu kwa hatua na kwa pumzi, na sababu yake ni mchezo.

Huo mchezo nilichukua muda mrefu kuuelewa, kwa hiyo nitaueleza taratibu. Watu wanakaa kuzunguka meza. Kila mmoja ana karatasi, na kwenye karatasi kuna mtu wa kubuni: jina lake, nguvu zake, vitu alivyobeba. Herman ndiye mwendeshaji. Anasema, "Mmefika mtoni, daraja ni bovu, ng'ambo amesimama mtu mwenye shoka. Mnafanya nini?" Kila mmoja anasema mtu wake anafanya nini, halafu dadu zinarushwa kuamua kama ameweza au ameshindwa. Basi. Hakuna mpira, hakuna karata, hakuna kikombe cha ushindi. Ni kusimulia uongo kwa utaratibu. Nilipoelewa hivyo nikawaambia, "Kumbe mimi nimecheza mchezo huu miaka themanini, bila karatasi!"

Herman aliuona kwenye simu, wazungu wanacheza, lakini sheria zake alizitunga mwenyewe pamoja na mdogo wake Joakimu, wakiziandika nyuma ya mifuko mitupu ya saruji. Kila Jumapili baada ya misa, mashine ikiwa imezimwa, walikaa pale kibandani: Herman, Joakimu, na Tawakali, yule muuza vitenge wa Katesh ambaye alikuja kwa bodaboda na kashata mfukoni. Meza yao ilikuwa ubao mpana juu ya magunia mawili ya pumba. Mito na njia walizichora kwa mkaa. Watu wao walikuwa punje: Tawakali alikuwa punje nyeupe ya mahindi, shujaa mwenye upanga; Joakimu punje nyekundu.

Punje ile nyekundu iliitwa Mzee Ukungu. Alikuwa mnenaji. Katika mchezo wa Herman mnenaji hana upanga wala ngao, silaha yake ni maneno. Akisema maneno matatu, moto unashuka, au mto unasimama, au ukungu unafunika bonde. Kila neno linahitaji pumzi moja. Na hapo ndipo ilipo shida yake: adui akiwa mbali, mnenaji ni hatari kuliko jeshi. Adui akimfikia hatua moja, pumzi inakatika, maneno yanakwama kooni, na huyo amekwisha.

Joakimu alikuwa mcheshi. Kwenye sehemu ya vitu alivyobeba aliandika: blanketi, kiberiti, kisu cha kumenyea viazi. Tawakali alimcheka mpaka akapaliwa na kashata.

"Mnenaji mzima, kisu cha viazi?"

"Na wewe shujaa mzima, mbona hujabeba viazi?" Joakimu akamjibu.

Jumapili moja waliishia pale darajani. Mtu wa shoka alikuwa ameruka, amemfikia Mzee Ukungu hatua moja. Giza lilikuwa linaingia, Herman akasema tutamalizia wiki ijayo. Jumatano Joakimu alikuwa anatoka Dongobesh na pikipiki, amepakia vitunguu saumu. Kwenye mteremko breki zikakataa. Sitasema zaidi. Tulimzika Ijumaa, na mkewe Marieta alisimama pembeni ya kaburi akiwa ameshika kofia ya pikipiki ya mumewe kama mtu aliyeshika sahani ya mgeni.

Siku ya kuondoa matanga tuligawa vitu vyake kama inavyotakiwa. Koti kwa mjomba, jembe kwa binamu, redio kwa Marieta. Kitu cha marehemu hakiachwi bila mtu. Tuligawa mpaka mkanda wa suruali. Karatasi ya Mzee Ukungu hakuna aliyeikumbuka. Ilibaki kibandani, chini ya mawe ya mizani, na punje nyekundu ilibaki juu ya daraja la mkaa na punje nyeusi ya adui hatua moja mbele yake.

Ikabaki mwaka mzima.

Sasa nisikilize. Mimi natia chumvi, hilo kila mtu Hanang analijua. Lakini hili sijalitia hata chembe. Kibandani mle unga unatua juu ya kila kitu. Ukiacha kikombe, jioni ni cheupe. Ule ubao ulikuwa mweupe kama shuka, mto umefunikwa, njia zimefunikwa. Ila kuizunguka ile punje nyekundu palikuwa na kiduara kisafi, upana wa sahani ya kikombe, mbao inaonekana kabisa. Kama vile mtu amekaa hapo anapumua. Nilimwonyesha Herman. Akasema, "Nimekiona tangu Machi, Bibi." Akarudi kumwaga mahindi ya watu.

Tawakali alitaka waendelee kucheza. Alikuja akasema kwa upole, "Herman, ndugu yangu, sheria ni zako. Mnenaji akifikiwa hatua moja anakufa. Tumwache apumzike, tuanze safari nyingine."

Herman akamwambia, "Nimeshamzika mara moja. Simziki tena kwa mkono wangu."

Kwa hiyo akaanza kutunga sheria mpya: namna mnenaji anavyoweza kupigana na kisu. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mwaka ule. Mchana anasaga, mkononi ana penseli, nyuma ya kila kipande cha karatasi ameandika visu. Na kwa sababu ni mtu wa haki, hakutaka kutunga sheria ya kumwokoa mdogo wake peke yake. Alitaka sheria ambayo mnenaji yeyote angeitumia, hata yule wa upande wa adui. Alikuwa anasema, "Nikidanganya, hata akiokoka hajaokoka."

Ya kwanza aliandika kwamba kisu cha mnenaji kinapiga kama silaha nyingine yoyote. Tawakali akaruka. "Mnenaji ana moto, ana mafuriko, na sasa anajua kuchoma kisu? Shujaa wangu afanye nini? Akapike?" Ikafutwa. Ya pili, kisu kinashika moto wa maneno. Wakairushia dadu mara kumi, mnenaji akashinda mara tisa. Tawakali akamtazama tu. Herman mwenyewe akaipasua. Baada ya hapo alikwama, na alipokwama akaacha kula vizuri, akawa anasahau kuzima mashine mahindi yakiwa yamekwisha, mawe yanasagana yenyewe kwa yenyewe. Sauti ile ilikuwa inanipandisha nywele.

Siku moja mchana akaja kwangu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umenikumbuka?"

"Nimekuja kukuuliza habari za fisi."

Nikafurahi. Nikamvutia kigoda. Fisi wangu anajulikana kuanzia Mogitu mpaka Mbulu mjini. Nilipokuwa msichana nilipigana na fisi kwa kisu kidogo cha kukatia majani, kwenye ukingo wa msitu wa mlima. Fisi alikuwa na mabega ya ndama. Wakati mwingine ni wa fahali, inategemea wasikilizaji ni kina nani. Nilimkata sikio nikalitundika juu ya jiko, na mvua ikikaribia lilikuwa linacheza.

Nikaanza. Herman akatoa penseli na daftari.

"Alikuwa hatua ngapi kutoka kwako?"

"Hatua? Alikuwa hapa, puani!"

"Bibi, naomba hatua. Wewe ulikuwa msichana, mdogo, kisu kifupi, na mbele yako kuna mnyama. Ni kama mnenaji. Mtu pekee ninayemjua aliyewahi kuwa mnenaji ni wewe. Alikuwa hatua ngapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu huuliza, "Halafu?" Uongo wangu umezoea "halafu", unaukimbilia kama mbuzi anavyokimbilia chumvi. Hatua haujazizoea.

"Nne," nikasema.

"Kisu mkono gani?"

"Kulia."

"Ulivuta pumzi ngapi kabla hajaruka?"

Nikajikuta nazihesabu. Miaka zaidi ya sitini, nazihesabu kama zimetoka sasa hivi. "Tatu."

"Ukafanya nini ndani ya tatu?"

"Niliweka kisu chini."

Penseli ikasimama. "Chini? Kwa nini?"

"Ili Agatha aokote."

Jina hilo nilikuwa sijalitamka mbele ya mtu tangu mama yangu afe. Agatha alikuwa mdogo wangu. Kwenye hadithi ya fisi hayumo. Nimeisimulia mara mia, harusini, msibani, kwenye foleni ya zahanati, na sijawahi kumweka.

Herman hakuinua kichwa. Aliuliza kwa sauti ileile ya kuuliza debe ngapi. "Agatha alikuwa wapi?"

"Kati yangu na fisi. Yeye alikuwa karibu zaidi. Nikasema shika kisu."

"Mbona hukumpa mkononi?"

"Kisu hakipewi mtu mkononi, Herman, unajua. Kinakata upendo. Kinawekwa chini, mwenzako anaokota. Hata wewe pale mashineni ukiniazima kisu unakiweka juu ya gunia."

"Ni kweli. Mlikuwa hatua ngapi, wewe na yeye?"

"Moja."

"Naye akainama."

"Akainama."

Mtu aliyeinama hana macho, hana mikono, hana miguu. Ana mgongo tu. Fisi hakuhitaji pumzi ya nne.

Nilidhani ameridhika. Akauliza moja tena, na namsamehe kwa sababu hakuwa ananihukumu, alikuwa anapima. "Na wewe, baada ya kuweka kisu chini, ulirudi nyuma hatua ngapi?"

Nikatazama nje. Mlima ulikuwa umejifunika kichwa.

"Nyingi," nikasema.

Akafunga daftari. Alikaa na mimi mpaka chai ikapoa, hakunywa, hakuondoka. Alipoinuka akasema, "Nitaiandika, Bibi, ila jina lake sitaliandika."

Akaiandika. Sheria ya kisu cha mnenaji ikawa hivi, alinisomea mwenyewe. Kisu hakimuui adui wala hakimjeruhi. Kina kazi mbili tu. Ya kwanza, Kununua Pumzi: mnenaji anarusha dadu mbili, akipata tisa au zaidi amepata pumzi moja, yaani neno moja, na akikosa anakatwa. Anahitaji tatu. Ya pili, Kuweka Chini: mnenaji anaweka kisu ardhini na kurudi nyuma hatua moja. Adui anarushiwa dadu moja. Ikitoka moja, mbili au tatu, anainama kukiokota, na wakati ameinama mnenaji ana pumzi zote tatu. Ikitoka nne, tano au sita, anakiruka na kuja, na mnenaji hana kitu mkononi.

Tawakali akaisoma mara mbili. "Hii ni ya haki," akasema. "Lakini ya pili ni utani, si ndiyo? Nani ataweka silaha yake chini?"

Herman akanitazama. Mimi nikatazama kashata za Tawakali. "Nipe moja," nikasema, "mdomo wangu mchungu."

Jumapili iliyofuata walipanga kumaliza. Nilikwenda na kigoda changu, nikakiweka pembeni ya ubao. Wamekaa, dadu zimetolewa, Herman ameshika karatasi ya mdogo wake, ndipo mlango ukatiwa giza. Ni Marieta, na debe la mahindi kichwani.

"Shikamoo, Bibi. Shemeji, samahani, najua leo mmezima. Unga umekwisha kabisa nyumbani."

"Hakuna shida, shemeji, nitawasha."

Akatua debe. Akaona ubao, akaona kiduara kile kisafi katikati ya weupe. "Hii si ile meza yenu? Nyekundu si alikuwa yeye?"

Wanaume wawili wazima wamekuwa kama watoto walioiba sukari. Ikabidi niseme mimi. Nikamweleza: daraja, mtu wa shoka, hatua moja, na kwamba Herman amekataa afe.

Marieta alisikiliza akiwa amesimama. "Amekuwa hapo tangu lini?"

"Tangu Jumapili ile," Herman akasema.

"Amesimama?"

"Ndiyo, amesimama."

"Mwaka mzima. Mtu yuko na shoka mbele yake. Na wewe kaka yake hujamkalisha hata chini?"

"Shemeji, nilikuwa natafuta namna ya kumwokoa."

"Mimi nimemzika, Herman! Nimelala peke yangu, nimejifunza kulala peke yangu. Halafu asubuhi naamka naona kama kuna mtu hajafika nyumbani. Nikadhani ni mimi nina kasoro. Kumbe umemzuia njiani!" Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Siku ya matanga vitu viligawiwa. Karatasi hii alipewa nani?"

"Hakupewa mtu," nikasema mimi. "Tuliisahau."

"Basi ni yangu."

Akanyoosha mkono. Herman akamtazama, akanitazama mimi, akampa. Marieta aliisoma pole pole mpaka chini. Alipofika kwenye vitu alivyobeba, mdomo wake ukacheza kidogo. "Kisu cha viazi. Mwehu huyu. Kile cha nyumbani nilikitafuta wiki nzima, kumbe alikipeleka vitani." Akavuta gunia tupu akakaa mahali pa mumewe. "Nifanyeje?"

Tawakali akamweleza sheria zote mbili, vizuri, kama anavyoeleza kitambaa. Akaongeza, "Kwa kweli, shemeji, nakushauri ya kwanza. Ya pili ni kubahatisha."

"Joakimu ulimwona lini akipigana?" Marieta akauliza. "Mtu akimchokoza, alikuwa anaweka chini alichoshika, ananyamaza. Hata nikiwa nimemkasirikia mimi. Alikuwa anaweka kikombe chini kwanza. Anaweka chini."

Herman alikuwa na dadu moja kiganjani. Ndiye mwendeshaji, ni lazima yeye amrushie mtu wa shoka. Aliishika mpaka Tawakali akasema, "Herman, rusha." Bado ameishika. Nikasema mimi, "Mume wangu, rusha. Umeshapima vya kutosha."

Akarusha. Dadu iliangukia kwenye unga, haikuviringika, ikazama pale pale kama jiwe kwenye tope. Tukainamisha vichwa wote.

Mbili.

"Anainama," Herman akasema. "Mtu wa shoka anainama kuokota kisu. Mzee Ukungu ana pumzi tatu."

Mimi nilifumba macho. Wao walimwona mtu wa shoka. Mimi nilimwona msichana wa miaka tisa, gauni la kaki, nywele zina majani.

Tawakali alinong'ona, "Moto, shemeji. Sema moto, ameinama, humkosi."

"Hapana. Maneno yake yale mengine ni yapi? Ukungu?" Marieta aliweka kidole juu ya punje nyekundu. "Ukungu unashuka. Anampita huyu hapa bila kumgusa. Anavuka daraja."

"Anakwenda wapi?" Herman akauliza. Mwendeshaji ni lazima aulize.

"Nyumbani. Na hatoki tena."

Akaichukua punje. Akainuka, akaitumbukiza kwenye debe lake, akachanganya mahindi kwa mkono mpaka hakuna ambaye angeweza kuitafuta tena. "Shemeji," akasema, "washa mashine."

Herman akawasha. Alimwaga debe lile mwenyewe, taratibu, na sisi wote tulisimama kama tuko kanisani mpaka mawe yalipobadilisha sauti. Safari hii aliizima palepale mahindi yalipokwisha. Marieta akafunga unga wake kwenye mfuko, ukiwa bado wa moto, akaukumbatia, akaaga. Usiku ule walikula ugali, yeye na watoto. Aliniambia baadaye kwamba yule mdogo aliomba kuongezwa mara mbili.

Herman sasa anakula. Sheria za kisu ameziandika kwa kalamu, wanazifuata wachezaji wapya wa Katesh wanaokuja kila Jumapili, na wote hucheka ile ya pili mpaka siku inapowaokoa.

Jumatatu ile asubuhi nilikwenda kibandani mapema, kabla hajafungua dirisha. Nilitaka kuuona ubao. Unga ulikuwa umetua kila mahali, juu ya mto, juu ya daraja, na pale alipokuwa Mzee Ukungu palikuwa peupe kama mahali pengine pote. Nikashusha pumzi. Nikageuka kuchukua kigoda changu nilichokisahau jana yake. Kilikuwa cheupe nacho. Ila sakafuni, karibu kabisa na kigoda, palikuwa na kiduara kisafi, kidogo, kama cha mtu aliyeinama.

Herman sijamwambia. Ataniuliza ni hatua ngapi.